Udi Mkono wa Kulia, Ambari wa Kushoto

Somo wangu amezikwa akinuka sabuni na kafuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniwasha, na mimi kuzunguka sijui. Mwanamke aliyewafunda mabinti wa mtaa mzima, aliyewapaka mafuta mazuri kabla hawajavuka kizingiti cha mume, amepelekwa kaburini kama nguo iliyotoka kufuliwa. Na mafuta aliyotaka yeye apakwe yalikuwa kwangu, ndani ya mkoba, kwenye kikopo kidogo ambacho zamani kilikuwa cha dawa ya kuchua.

Nilikuwa Sikonge kwa mama. Habari ililetwa na muuza asali aliyekuwa anatoka mjini na baiskeli yake. Akamwambia mama kama mtu anayesimulia sukari imepanda: yule bibi wa mafuta amefariki alfajiri. Nikamfunga binti yangu mgongoni, nikapanda pikipiki, nikala vumbi mpaka Tabora. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, suruali wamezikunja, wanapangusa udongo kwenye viatu. Nikamwuliza jirani yake wa mlango wa pili, mwanamke ambaye namba yangu anayo, kwa nini hakunipigia. Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema, "Tulijua hamsemezani, mwanangu. Tukaona tusikutoneshe kidonda."

Simu yangu ilikuwa na chaji. Ilikuwa na salio. Ilikaa kiunoni kwangu asubuhi nzima, imenyamaza.

Basi acha niseme alikuwa mtu gani, kwa sababu pale msibani walimsema kwa maneno yale yale wanayomsemea kila marehemu: mpole, mcheshi, mtu wa watu. Mpole hakuwa. Nani aliyemwona mpole, na lini?

Ukimwamkia, hakuitikia mpaka akunuse. Unasema "Shikamoo, Somo," yeye kimya. Anainamisha kichwa kidogo kama kuku anayesikiliza, anavuta pumzi, ndipo aseme: "Marahaba. Umekaanga dagaa na mafuta yameungua." Au: "Marahaba. Huyo mtoto ana homa, mpeleke hospitali, usimpitishe sokoni kwanza." Siku moja alipita kijana wa duka la vitambaa, amevaa kanzu, akamsalimu kwa adabu zote. Somo akavuta pumzi yake. "Marahaba," akamjibu, "na mke wa fundi baiskeli hajambo?" Yule kijana mpaka leo anazunguka mtaa wa nyuma kwenda dukani kwake.

Na huyo huyo ndiye aliyekuwa akituambia sisi wanawali wake kwamba umbea ni choo kisicho na mlango. Ukimkumbusha ya yule kijana, anakushangaa. Yeye hakusema kitu, alimsalimia mtu akamwulizia mtu, kosa liko wapi?

Alikuwa mfupi, mpana, na vidole vyake vilikuwa na weusi wa nta kwenye kucha ambao hakuna sabuni iliyoutoa. Msimu wa kipupwe, Juni na Julai, upepo wa Tabora unapokausha midomo ikapasuka, alivaa koti la kiume la sufu, la mitumba, juu ya kanga zake. Koti lilimfika kwenye mashavu ya miguu. Alipenda mpira kuliko mwanaume yeyote ninayemjua. Alichanganya mafuta yake redio ikiwa wazi, na timu yake ikifungwa alimtukana refa kwa Kinyamwezi, akidai kwamba matusi ya Kinyamwezi si dhambi, ni desturi.

Alikuwa na mafuta ya kila namna, lakini yaliyompa jina ni mawili tu, na yote mawili ni ya baridi. Ya kwanza udi. Ya pili ambari. Mwenye duka la Waarabu alimletea asili yake, udi na ambari tupu, kutoka Dar es Salaam, naye akayayeyusha pamoja na nta ya nyuki wa Sikonge ili yashike ngozi. Hiyo nta ndiyo alama yake. Nunua udi popote, nunua ambari popote, hutaipata ile harufu ya mzinga kwa chini, kama mtu anayevuma pole pole nyuma ya mlango. Mwingine wa kuchanganya hivyo Tabora nzima hakuna, na nawaomba mkumbuke hilo, maana ndilo lililoniua.

Udi wake ulianza na ukali. Ulikuwa kama gome lililolowa likatupwa kwenye moto, kisha ukatulia ukawa kama chumba kilichofukizwa jana. Ulikuwa unaingia kabla yako na kukaa kabla yako. Ambari haikuingia hivyo. Ambari ilikuwa tamu yenye chumvi, yenye joto, kama ngozi ya mtu aliyekaa juani, na mtu aliyeinusa alijikuta amesogea bila kuambiwa. Yote mawili mazito. Mwezi wa Oktoba, jua likiwa kichwani, ungemtoa macho lakini asingekufungulia kikopo. "Utaua watu," alikuwa anasema. Na zile za kupuliza za madukani hakuzihesabu kabisa. Hizo aliziita harufu za mtu anayeshuka kwenye basi: unamsikia, unageuka, kashaondoka.

Alikuwa na msemo wake: joto linamsifia kila mtu, baridi ndiyo inayochagua.

Na hapo ndipo ilipotoka ile desturi yake, ambayo sisi wa mtaani tuliiita siku ya mikono. Mwali hakuozwa kutoka mikononi mwa Somo mpaka achaguliwe mafuta yake ya nyumbani, na mafuta hayachaguliwi kikoponi. Alikusubiri kipupwe. Alikusubiri siku ambazo huswali, ili usitie udhu ukayaosha. Asubuhi na mapema, baridi inauma, anakupaka udi kifundo cha mkono wa kulia, ambari kifundo cha kushoto, kisha anakufukuza. Nenda sokoni. Fagia uwanja. Anika mpunga. Vyombo usioshe. Alasiri unarudi, unamnyoshea mikono yote miwili, shangazi na mama wadogo wamekaa mkekani wanasubiri kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ananusa kulia. Ananusa kushoto. Yaliyobaki ndiyo yako, maisha. Mwanamke mwenye harufu mbili, alisema, hana nyumba, ana vyumba.

Kama hakuna yaliyobaki, basi ngozi haijakubali, na mwali anarudi kwao mpaka kipupwe kingine. Hakuna mwanaume aliyethubutu kubishana na hilo, kwa sababu ni mambo ya wanawake, na wanaume wa kwetu wanaogopa mambo ya wanawake kuliko wanavyoogopa polisi.

Mimi nilinyosha mikono kwake mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu. Baba alikwishakufa, nalelewa na baba mdogo, na baba mdogo alikuwa amenipatia mchumba mwenye lori na tumbo. Sikuulizwa. Nilipelekwa kwa Somo na sare ya shule imekunjwa chini ya kwapa, kwa sababu nilitoka darasani moja kwa moja. Aliinusa hiyo sare kwanza. Asubuhi ya siku ya mikono akanipaka kama kawaida, nikafagia, nikaanika. Alasiri mikono yangu yote ilikuwa inanuka mpaka mimi mwenyewe kichwa kinaniuma. Udi huku, ambari huku, wazi, kamili, hata shangazi alikuwa anaupata kutoka mkekani. Somo akanusa kulia. Akanusa kushoto. Akasema, "Hakuna kitu."

Shangazi akasema, mbona mimi nasikia. Somo akamwambia anasikia mdomo wake mwenyewe.

Nikarudi shule. Kipupwe kilichofuata, kidato cha nne, baba mdogo akanipeleka tena, mwanaume yule yule, tumbo limeongezeka. Somo akanusa tena, akatikisa kichwa kama daktari. Hakuna kitu. Ngozi ya mtoto huyu ngumu, akasema, labda mwakani. Mwenye lori akachoka kusubiri, akaoa Urambo. Mimi nikafanya mtihani wangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza hiki kidato cha nne nilikipata wapi, sisemi shuleni. Nilikipata kwenye pua ya mwanamke aliyetazama watu wazima machoni akadanganya kwa ajili yangu, mara ya kwanza na mara ya pili, na hakuwahi kunitajia. Siku moja nilijaribu kumshukuru. Akaniambia nisimpigie kelele, anasikiliza mpira.

Sasa mnaelewa kwa nini yaliyofuata yalinichoma hivyo. Ubaya wa mtu baki unaupangusa na kuendelea.

Yule niliyeolewa naye nilimpenda mwenyewe. Anafanya biashara ya mpunga na ng'ombe upande wa Igunga, ana meno mazuri, ana maneno. Kipupwe kikafika, nikapelekwa kwa Somo mara ya tatu, na mara hii nilikwenda mwenyewe, mbio. Nakumbuka siku ile yote. Nilizunguka soko lote nikiwa nimebana mkono wa kushoto kifuani, nanusa ambari kila hatua. Niliitaka. Nilikuwa na umri wa kutaka kitu kitamu na nilikitaka. Kila nilipofika kivulini nilikuwa nainua ule mkono naunusa, najiona mimi ndani ya nyumba yangu, mtu anasogea bila kuambiwa.

Alasiri nikanyosha. Somo akanusa kulia, akakaa hapo muda. Akanusa kushoto haraka haraka kama mtu anayekagua kufuli. "Udi," akasema.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unanuka. Nawaapia ulikuwa unanuka. Lakini mwali habishi, na mtu aliyekutoa kwenye lori mara mbili utambishia nini? Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaolewa na udi. Na udi ulinikaa, siwezi kusema uongo. Watu walikuwa wanajua nimeingia duka gani. Mume wangu alikuwa anasema akinusa ule moshi anajua amefika nyumbani, na mimi nikadhani hayo ni maneno mazuri. Mpaka nilipokuja kuelewa kwamba mtu anayejua amefika nyumbani ni mtu anayejua pia ametoka wapi.

Kuna jambo moja la Somo ambalo hakuna aliyelieleza, na wote tulikuwa tunaliona. Yeye mwenyewe alipaka yote mawili. Kila asubuhi ya baridi, udi kulia, ambari kushoto, kama mwali. Yeye aliyekuwa anasema mwanamke mwenye harufu mbili hana nyumba. Mabinti tulikuwa tunataniana kwamba Somo ndiye mwali wa milele, ngozi yake haijakubali mpaka leo. Siku moja mmoja wetu alimwuliza waziwazi: "Somo, na wewe alikuchagulia nani?" Alikuwa anachochea nta kwenye kisufuria. Aliendelea kuchochea. Kisha akasema moshi unamwingia machoni, tutoke nje wote, na tulitoka, ingawa moshi haukuwepo.

Alikuwa hivyo. Mambo ya watu wote mdomoni, ya kwake kikoponi.

Binti yangu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe wakati mume wangu aliporudi kutoka Ziba, kwenye biashara zake za Igunga, asubuhi moja ya Julai. Amevaa sweta, lile la kijani nililomnunulia. Akainama kumchukua mtoto, na mimi nilikuwa karibu, nimeshika kikombe cha uji. Nikanusa ambari.

Ambari na nta. Ule mzinga kwa chini.

Ingekuwa manukato mengine ningejidanganya. Ningesema basi, ningesema abiria, wanawake wengi sana wanafundishwa kusema abiria. Lakini ile harufu haishuki kwenye basi. Ile inapakwa na mkono mmoja tu duniani, na inapakwa mwali. Kwa hiyo niliyajua yote papo hapo, nimesimama na uji wangu: kwamba mume wangu ameoa, kwamba ameoa kwa desturi, na kwamba mwanamke aliyemfunda mke mwenzangu ni yule yule aliyenifunda mimi. Na amempa ile niliyoitaka.

Mume wangu hakukataa. Alisema sheria inamruhusu, alisema alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Sitamwandika zaidi ya hapo. Hii si picha yake.

Mchana ule nilikwenda kwa Somo, sikuamkia. Nikatupa kikopo changu cha udi pale kizingitini, kikafunguka, kikabingiria mpaka mguuni kwake. Nikamwambia mbele ya watu kwamba kuanzia siku ile mimi somo sina. Yeye alikuwa amekaa na koti lake.  Akaokota kikopo, akakifunika, akakiweka mfukoni. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Nikautangazia mtaa mzima kwamba asiyenipenda anitajie jina la huyu mwanamke aliyekaa hapa. Kisha nikachukua mtoto nikaenda kwa mama.

Watu wa kwetu wanatii vitu vya ajabu. Waambie wafagie mbele ya nyumba zao, hawasikii. Waambie wasikutajie mtu, wanashika kama amri ya Mungu, mpaka mtu anakufa.

Mara ya mwisho nilimwona kipupwe hiki hiki kinachoisha. Nilimleta binti yangu kliniki, hospitali ya Kitete, tukapita kwanza kwa yule jirani kunywa maji. Jirani akaanza kuzungumza kwa kuzunguka zunguka, kuna mtu mmoja hapa mtaani, hataki kumtaja, alipata mafua makali baridi ilipoanza, mafua yameondoka na pua yake. Hanusi kitu. Juzi ugali umeungua mpaka majirani wamekuja, na yeye amekaa pale pale jikoni. Nikamwambia jirani nilisema nisitajiwe. Akasema mbona sijamtaja. Nikanywa maji yangu. Nikambeba mtoto. Na miguu, sijui ni nani aliyeituma, ikapita mlango wa pili.

Alikuwa amekaa kizingitini kwenye jua, koti juu ya kanga. Lilikuwa limempwaya. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyapika kwa muda mrefu na yalikuwa yameiva. Nikaanza na adabu ili yapate mahali pa kusimama.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu papo hapo.

Papo hapo. Hakuinamisha kichwa, hakuvuta pumzi. Sikujua kwamba neno hilo likija haraka linaweza kumpiga mtu kifuani namna ile. Maneno yangu yote yakamwagika, likabaki moja tu, lile nililokuwa nalo tangu siku ya uji.

"Yule wa Ziba," nikasema. "Ulijua anaolewa na nani?"

"Nilijua."

"Kabla hujampaka, au baada?"

"Kabla." Akasogea kidogo kunipisha nikae. Sikukaa. "Shangazi yake alinifuata mpaka hapa. Nikapanda basi mwenyewe. Nilimpaka kwa mkono huu."

Nilitaka akatae, nadhani. Ningejua la kufanya. Mtoto akaanza kulia mgongoni, nikamtikisa.

"Unajua mimi niliingiaje kwa mume?" akasema. Alikuwa anatazama vidole vyake. "Nilikuwa wa pili. Makungwi wote wa mji huu walikuwa mashoga wa mke mkubwa. Hakuna aliyekubali kunigusa. Nikajiosha mwenyewe kwa sabuni ya kufulia, nikaingia. Yule bwana aliponisogelea akaninusa, akacheka." Akasugua weusi wa kucha. "Nikasema nikiijua kazi hii, simkatai mwali kwa sababu ya nyumba anayokwenda. Mwali ni mwali."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Wewe ulikuwa mwanangu."

"Mwanao ndiyo ukanifanyia hivyo?"

"Mtu unamwogopa mwanao," akasema. "Mgeni ningemwambia siku ile ile. Wewe nilikaa nasema kesho nitakwenda kumwambia, kesho nitakwenda. Ukaja wewe."

Kuna watu wangeliona hilo ni jibu. Mimi halikunitosha na halinitoshi hata sasa. Nikamwuliza kwa nini ambari. Katika mafuta yote ya dunia, kwa nini ile.

"Alikuwa anatetemeka, yule binti. Hakuambiwa kama bwana ana mtoto tayari. Udi ungemmeza. Wewe hukutetemeka hata siku moja, wewe ulizaliwa umekunja ngumi. Nikakupa udi usimame."

"Nilitaka ambari."

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mazima, yananiona vizuri, na bado alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kwa mkono gizani.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Upepo ukapita, ule unaokuja na vumbi jembamba. Akavuta koti. Mtoto akanyamaza mgongoni.

"Hapana," akasema mwishoni. "Sikukuuliza. Sikumwuliza mtu yeyote."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa vikopo viwili, vinafanana kama mapacha. Kimoja nilikijua, kilikuwa na kibonyeo pembeni, kilikipata siku nilipokitupa. Alikuwa amevitia na kuvitoa mpaka vimemchanganyikia kipi kina nini. Hakuwahi kuviandika, pua ilikuwa inatosha. "Ninusie," akasema. "Niambie kipi ni kipi."

Nikakaa. Nikafungua chenye kibonyeo na haukuwa udi, aliuhamisha, sijui lini wala kwa nini. Ilikuwa ambari. Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa na hasira ya kutosha kusema chochote. Nikamwambia kweli: hii ambari, hiyo udi. Akaitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya koti, akaninyoshea vifundo vyote viwili, kulia na kushoto, kama mwali.

"Nipake. Jioni ukitoka kliniki upite uniambie ipi imebaki. Mimi sitaijua tena."

Ile mikono ilikuwa imekonda. Nilikuwa nimevishika vikopo vyote, kimoja kila kiganja, na nikajisikia nachukia siku ya mikono, nachukia mkeka na shangazi na kila alasiri ya namna ile. Nikamwambia mimi sitanusa mtu.

"Unaitaka ipi?" nikamwuliza.

Akatazama kikopo kimoja, kisha kingine.  Nilidhani atanitukana kwa Kinyamwezi. Nikarudia, pole pole, maana sikuwa na haraka tena: "Somo. Wewe. Unaitaka ipi?"

Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo mno, kama msichana anayeambiwa ataje jina lake mbele za watu.

"Ambari."

Nikampaka mkono wa kushoto. Kisha nikampaka na wa kulia, ambari ile ile, mikono yote miwili. Akaileta puani kwa mazoea, akavuta pumzi, na nikaona jinsi isivyofika. Akaniuliza ikoje. Nikamwambia ni kama ukuta wa udongo uliopigwa jua la saa nne, na nyuki wanafanya kazi upande wa pili. Akafumba macho akasikiliza.

"Kaa nacho hicho," akasema. "Siku wakija kuniosha, wasinipake mambo yao. Nipake hiyo. Huko nisiingie na sabuni tena."

Nikakifunika kikopo, nikakitia mkobani. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe, na yeye pua alikuwa hana lakini uongo angeunusa. Nikamwambia nitakuwepo.

"Sikonge mbali," akasema.

"Pikipiki zipo."

"Na utajuaje?"

Nikasimama, nikakaza kanga ya mtoto. Kliniki watakuwa wameshaanza kuita.

"Namba yangu anayo jirani, Somo," nikamwambia. "Watanipigia."